Ufito na rili ya kwanza ya kuvulia stilihedi kwa dola 150

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, baba yangu ni mvuvi, na tangu utotoni nimevua sato na sangara kwa mshipi wa mkono. Sasa naishi Gresham, Oregon, huu ni mwaka wa pili. Ikifika majira ya baridi wenzangu kazini hawana habari nyingine ila samaki aitwaye stilihedi wa mto Sandy, na mto wenyewe uko karibu kabisa na ninapokaa. Nimetenga dola 150 za ufito na rili, kile kifaa cha kuviringishia mshipi. Kijana wa dukani aliniambia chini ya dola 400 napoteza pesa. Rafiki yangu anasema samaki huyo ana nguvu za ajabu, kwa hiyo ninunue ufito mfupi mnene wa baharini na mshipi wa kuhimili ratili 30, nisahau habari ya kukatikiwa. Kwenye intaneti nimeona seti ya dola 40, ufito na rili pamoja, tena rili imeandikwa ina beringi 13. Sijawahi kushika rili maishani. Nimsikilize nani? Na hivi vya bei nafuu havitavunjika samaki akivuta? Nataka kwenda na mwanangu wa miaka tisa, nisije nikaaibika mbele yake."

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, nikaona limebeba hofu mbili: ya kutupa pesa na ya kumpoteza samaki. Zote ni za haki. Dola 150 kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba na kulea mtoto si pesa ya kujaribia. Basi nianze na jibu: zinatosha. Zitakununulia ufito na rili vya kukutumikia misimu mingi, mradi usimfuate hata mmoja kati ya hao watatu. Rafiki yako anataka ununue unene, muuzaji anataka ununue jina, na ile seti ya intaneti inakuuzia namba. Wewe tafuta ulaini. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa kutowahi kushika rili. Umevua sangara kwa mshipi wa mkono, kwa hiyo kazi ya rili unaijua. Umeifanya kwa vidole. Mkumbuke sangara wa kilo 15 akishabeba chambo. Humng'ang'anii. Akiondoka unamwachia, mshipi unateleza kati ya kidole gumba na cha shahada, unabana kidogo, unalegeza kidogo, mpaka ngozi inawaka moto. Akichoka unarudisha pima moja, akianza tena unampa mbili. Na siku uliyoviringisha mshipi kiganjani ukakataa kumpa, ama mshipi ulikatika ama kiganja kilichanika. Vidole vyako ndivyo vilivyokuwa breki ya rili. Mkono wako, unavyonyooka na kukunjika kumfuata samaki, ndio uliokuwa ufito. Mengi nitakayosema hapa unayajua tayari, ila huku yana majina mengine.

Sasa samaki mwenyewe. Stilihedi ni trauti, yuleyule trauti wa upinde wa mvua ambaye Waingereza walimpandikiza katika mito ya mlima Kenya na Aberdare mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye anatotoleshwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Jina lao la kisayansi ni moja, Oncorhynchus mykiss. Kilichowatofautisha ni safari. Trauti wa Nyeri anazaliwa mtoni na kufia mtoni. Stilihedi anateremka baharini akiwa mdogo, ananenepea katika Pasifiki, kisha anarudi kutaga katika mto aliozaliwa. Samoni wa huku wakishataga hufa, lakini stilihedi anaweza kurudi baharini na kuja tena. Wengi utakaokutana nao wana ratili 6 hadi 12, yaani kilo 3 hadi 5 na ushei. Kwa mtu wa Ukerewe huyo ni sangara mdogo tu, na hapo ndipo wageni tunapodanganyika.

Sangara anavuta kwa uzito. Stilihedi anakimbia. Anaweza kuchukua yadi 50 za mshipi kabla hujakaa sawa miguuni, aruke hewani mara mbili, kisha ageuke kuelekea bondeni na kuubeba mto mzima mgongoni. Hapo huvuti kilo nne za samaki; unavuta kilo nne pamoja na maji yanayosukuma ubavu wake. Juu ya hayo, ni mwoga. Maji ya majira ya baridi yakitulia yanakuwa ya kijani, unaona mawe chini, na yeye anauona mshipi wako. Ukimshushia mshipi mnene, chambo kinapita mbele ya pua yake na yeye hata hageuki. Kwa hiyo mwisho wa mshipi, pale kwenye ndoana, tunalazimika kufunga nailoni nyembamba ya ratili 8 au 10. Samaki mwenye kasi, maji yenye nguvu, uzi mwembamba: ufito na rili vimetengenezwa hivi vilivyo ili uzi huo usikatike.

Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako, ingawa ameutoa kwa nia njema, utakuponza. Ufito mfupi mnene wa baharini umeundwa kunyanyua samaki kutoka kina kirefu, haupindi kirahisi. Stilihedi akitikisa kichwa, mtikiso unapita moja kwa moja hadi kwenye fundo, na fundo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Uki­funga mshipi wa ratili 30 mpaka kwenye ndoana ili usikatike, hatakula. Ukiufunga mwembamba, utakatika. Mimi mwenyewe msimu wangu wa kwanza niliazima ufito wa mashuani wa futi 6, mgumu kama mpini wa jembe, nikanasa samaki wanne ndani ya wiki tatu. Wote wanne walikata ndani ya sekunde chache. Nililaumu ndoana, nikalaumu mafundo yangu, nikanunua nailoni nyingine ya bei mbaya zaidi. Mzee mmoja aliyekuwa akivua jirani yangu alichukua ufito ule, akauegemeza kwenye jiwe, akausukuma, ukakataa kupinda. Akaniambia nimrudishie mwenyewe, akanipa wake nivulie mpaka jioni.

Tuje basi kwenye ufito. Unataka mrefu. Futi 9 ndio urefu ninaomwambia kila anayeanza, na futi 8 na nusu hadi 9 na nusu bado ni sawa. Urefu una kazi mbili. Ya kwanza ni kupinda: ufito mrefu wenye ncha laini unapokea mtikiso kidogo kidogo kwa urefu wake wote, kama unavyonyoosha mkono kumfuata sangara. Ya pili wavuvi wa ziwani hatuijui, kwa sababu maji yetu hayatembei hivi. Mtoni maji ya katikati yanakwenda kasi kuliko ya pembeni. Ukitupa boya na chambo kule anakolala samaki, mshipi unaolala juu ya maji ya kasi unakokotwa, unatengeneza tumbo, na tumbo hilo linalivuta boya likimbie kuliko maji yaliyo chini yake. Samaki anaona chakula kinachokimbia bila sababu, anakiacha. Kwa ufito wa futi 9 unaunyanyua mshipi wote juu ya maji, unaurusha upande wa juu wa mto, boya linarudia mwendo wa maji. Kwa ufito wa futi 6 hilo halifanyiki hata uwe hodari namna gani.

Nenda dukani ukausome ufito. Juu kidogo ya mpini, karibu na pete ya kwanza, kuna maandishi madogo. Utakuta urefu, mfano 9'0", kisha alama ya nguvu: ML ni wa wepesi wa kati, M ni wa kati, MH ni wa uzito wa kati. Baadaye kuna namba mbili za mshipi, mfano 8-12 lb, yaani ratili, na mbili za uzito wa kurusha kwa aunsi. Wewe tafuta futi 9, ML au M, mshipi 6-12 au 8-12, vipande viwili. Vipande viwili kwa sababu ni rahisi kuusafirisha hata kwenye gari dogo. Ukiutenganisha unabaki futi 4 na nusu. Ukiuunganisha, ushike mpini na uutikise taratibu. Kiungo kikigonga au kikicheza, uache. Pitisha kidole ndani ya kila pete. Pete yenye ukwaruzo utakaousikia kwa ncha ya kidole itakula mshipi wako kila unaporusha. Kisha mwombe muuzaji ashike ncha kwa uangalifu na wewe unyanyue mpini: ncha ipinde kwanza, katikati ifuate, na sehemu ya mpini ibaki na nguvu ya kumgeuza samaki. Ukipinda ncha peke yake ni wa kazi nyingine. Ukipinda wote mpaka mkononi kama ufagio, huo nao utashindwa kuichomeka ndoana mdomoni.

Kuna aina mbili za bei yako ambazo naweza kusimama nyuma yake. Okuma wana fito waziitazo Celilo, za grafaiti, zilizokusudiwa hasa samoni na stilihedi wa huku, na mara nyingi ziko kati ya dola 50 na 80. Ni nyepesi na unausikia mguso wa samaki. Jina hilo, kwa njia, ni la maporomoko ya Celilo katika mto Columbia, ambako wenyeji wa asili walivua samoni kwa nyavu za mkono, wamesimama kwenye majukwaa ya mbao juu ya maji, kwa maelfu ya miaka, hadi bwawa la The Dalles lilipoyafunika mwaka 1957. Mtu wa ziwani akifika pale na kuambiwa kwamba chini ya yale maji tulivu kuna maporomoko, anasimama kimya. Nami nilisimama.

Aina ya pili ni Ugly Stik, ambazo zimechanganywa faibaglasi na grafaiti. Hizo ni nzito zaidi na mguso mdogo unakupotea, lakini zinavumilia mateso. Ukiwa na mtoto wa miaka tisa ambaye atakanyaga ufito, ataubamiza kwenye mwamba na kuuangusha garini, sitakulaumu ukichagua huo. Mimi ningekununulia wewe wa grafaiti, na mtoto nikamtafutia wa faibaglasi wa bei ya chini baadaye. Na uliponiuliza kuhusu kuvunjika: mvuto wa samaki ni nadra sana kuvunja ufito, uwe wa bei nafuu au ghali. Fito huvunjwa na milango ya magari. Huvunjwa na chubwi inayoruka na kugonga grafaiti, ikaacha ufa usioonekana, kisha mwezi mmoja baadaye ufito unapasuka palepale na mvuvi anamsingizia samaki. Na huvunjwa na mtu anayemvuta samaki miguuni pake huku ameupeleka ufito nyuma ya bega, mzigo wote ukaangukia ncha. Samaki akikaribia, rudi nyuma hatua mbili tatu na umlaze pembeni ya maji, usimnyanyue kwa ufito.

Sasa rili. Kuna aina inayokaa juu ya ufito, spuli yake, yaani kile kigurudumu kinachobeba mshipi, ikizunguka wakati wa kurusha. Ni nzuri kwa waliozoea, lakini mwanzoni itakutengenezea viota vya ndege badala ya kuvua. Chukua ile inayoning'inia chini ya ufito, wanayoiita spininga: spuli imesimama, unafungua kile kiwaya cha nusu duara, unaushika mshipi kwa kidole cha shahada, unarusha na kuuachia. Kwa mtu wa mshipi wa mkono hiyo itakaa mkononi ndani ya nusu saa. Saizi yako ni 3000. Watengenezaji hawalingani kabisa katika namba hizi, kwa hiyo angalia maandishi kwenye spuli: iweze kubeba karibu yadi 140 za nailoni ya ratili 10. Pungufu sana ya hapo, samaki mmoja mkubwa atakufikisha kwenye fundo la mwisho.

Kwenye rili kitu kimoja ndicho kinachostahili pesa yako, nacho ni breki. Kile kifundo kilicho mbele ya spuli, ukikizungusha kulia kinabana, kushoto kinalegeza. Ndani kuna visahani vilivyokandamizana. Samaki akivuta kuliko ulivyobana, visahani vinateleza na mshipi unatoka. Matangazo yatakuambia breki ina nguvu ya ratili 20 au zaidi. Haikuhusu, wewe utatumia mbili. Kinachokuhusu ni namna inavyoanza. Kitu kilichotulia ni kigumu kukianzisha kuliko kukiendeleza, kama mtumbwi ulio mchangani: ukishatikisika unakwenda, kazi ni ule mvuto wa kwanza. Breki mbovu iko hivyohivyo. Inashikilia, inashikilia, kisha inaachia kwa mshtuko, na mshtuko huo unafika kwenye uzi wako wa ratili 8 kama mtu aliyeuvuta ghafla. Samaki anayeanza na kusimama mara ishirini anakupa mishtuko ishirini. Breki nzuri inaanza kama vidole vyako vinavyoanza, bila kusita.

Hilo unaweza kulipima dukani bila kuwa fundi. Omba rili yenye mshipi, au waambie wakufungie uzi kidogo. Bana breki kiasi cha wastani. Vuta mshipi kwa mkono taratibu sana, kisha ongeza kasi, kisha simama, kisha vuta tena. Tazama ncha ya ufito kama rili imefungwa, au sikiliza kidole chako. Mvuto ukiwa sawasawa kama kuvuta uzi kwenye asali, chukua. Ukiruka na kushikana, rudisha kwenye kioo. Zungusha na mkono wa rili: usikwaruze, na ukiurudisha nyuma usicheze zaidi ya kidogo sana. Rili hiyo ya beringi 13 nakuomba uisahau. Beringi nzuri nne ni bora kuliko kumi na tatu zitakazoshika kutu Januari, na mtengenezaji wa seti ya dola 40 ameweka pesa kwenye namba ya kuandika kwenye boksi, si kwenye visahani vya breki. Badala yake tafuta Pflueger President au Shimano Sedona; zote mbili nimeona zikivumilia mvua ya mito hii miaka mingi.

Kuna jambo la breki ambalo hata wazoefu wengi hawalijui, na limewagharimu samaki wakubwa. Breki inashika spuli, haishiki mshipi. Spuli ikijaa, mshipi unatokea ukingoni, mbali na katikati, kwa hiyo ni rahisi kuizungusha, kama kufungua mlango kwa kusukuma upande wa komeo. Mshipi ukitoka, duara linapungua, unavuta karibu na bawaba. Duara hilo likipungua theluthi moja, mvuto unaohitajika unaongezeka kwa nusu nzima, na wewe hujagusa kitu. Ongeza na uzito wa mshipi mrefu unaoburuzwa ndani ya maji. Kwa hiyo samaki anapokuwa mbali ndipo mshipi uko hatarini kuliko wakati wowote, na ndipo mtu mwenye hofu anapoikaza breki. Wewe fanya kinyume, ilegeze robo ya mzunguko. Na jaza spuli vizuri, ibaki kama milimita mbili tu kufika ukingo.

Mshipi wenyewe usinunue wa ghali. Nailoni ya kawaida ya ratili 10, mpya, basi. Watakuambia uchukue wa kusokotwa: ni mwembamba, haunyooki, unaelea, na mguso unaufikisha vizuri. Ni kweli tupu. Lakini haunyooki, maana yake hausamehi, na mgeni anahitaji msamaha. Tena asubuhi za baridi kali unabeba maji, maji yanaganda kwenye pete za ufito, na unakaa ukivunja barafu kwa kucha. Nailoni inanyooka kidogo samaki akishtuka. Mwishoni funga kipande cha nailoni ya ratili 8, urefu wa kama sentimita 60, ili ndoana ikinasa kwenye mwamba kikatike hicho kifupi na boya lako lirudi. Kila fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza. Fundo likikazwa kavu linajichoma lenyewe kwa msuguano, halafu linakatika mbele ya mtoto wako. Badilisha mshipi wote kila mwaka.

Je, kijana wa dukani alikudanganya? Hapana, alikupima vibaya. Ufito wa dola 300 ni mwepesi kweli, na anayevua siku 60 kwa mwaka anautambua ifikapo mchana bega likiwa halijauma. Atasikia samaki ambao mimi na wewe hatutawasikia. Lakini wewe bado hujajua kusoma maji, na hicho ndicho kitakachokupa au kukunyima samaki kwa misimu miwili ijayo. Dola 400 hazinunui hilo. Seti za tayari nazo si zote mbaya. Zile za dola 80 au 90 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana zinafaa, ila rili ndiyo huwa sehemu dhaifu, kwa hiyo ipime kama nilivyoeleza. Vilivyotumika ni njia nzuri kuliko zote kwa anayejua kukagua. Wewe bado, labda uende na mwenzako wa kazini.

Hesabu yako basi naiona hivi: ufito dola 60, rili 60 au 65, mshipi 10, na zinazobaki ni za maboya mawili, chubwi, ndoana na vijigi (vindoana vyenye kichwa cha risasi) vichache vya rangi ya waridi. Ukiweza kupata rili ya punguzo baada ya msimu, ongeza kwenye ufito. Leseni weka fungu lake kabisa. Oregon utahitaji leseni ya uvuvi na ile tagi ya pamoja ya samoni, stilihedi, sturgeon na halibut, na unapoinunua uliza kama mto unaoukusudia una kibali kingine cha ziada, na uliza mwanao anahitaji nini kwa umri wake. Usiende mtoni kwa kusikia sikia.

Kabla ya mto, fanya zoezi hili nyumbani na mwanao. Chukua ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mabegi ya safari. Funga mshipi kwenye ndoano ya mizani, mpe mtoto aishike, wewe simama na ufito umeinuliwa katikati ya kulala na kusimama. Rudi nyuma taratibu. Mizani ikisoma kilo moja kasoro kidogo, mshipi uwe umeanza kutoka. Hiyo ni robo ya nguvu ya kile kipande cha ratili 8. Kama hautoki, legeza. Kama unatoka mapema, kaza kidogo. Rudieni mpaka mkono wako uijue hali hiyo bila mizani, kisha badilishaneni, yeye awe mvuvi na wewe uwe samaki. Utashangaa jinsi kilo moja inavyokunja ufito mzima. Hapo ndipo utakapoacha kuogopa kwamba vifaa ni dhaifu.

Siku ukimpata, kabla ya kushangilia mtazame mgongoni. Kati ya pezi kubwa na mkia, trauti wa asili ana kijipezi kidogo cha nyama. Waliotoka vituo vya kutotoleshea hukatwa kijipezi hicho wangali wadogo, na pale pana kovu lililopona. Mwenye kovu ndiye anayeruhusiwa kuliwa, kwa idadi iliyowekwa kwa mto huo. Mwenye kijipezi kizima ni wa asili: usimtoe majini, mtoe ndoana akiwa ndani ya maji, mshike mkiani akielekea juu ya mto mpaka aondoke mwenyewe. Ukiwa na shaka, mwachie. Wa asili wamebaki wachache, na faini si ya mchezo.

Kuna mambo ambayo siwezi kukufundisha kwa maandishi. La kwanza ni fundo na kurusha. Duka lolote dogo lililo karibu na mto litakuonyesha bure asubuhi ya katikati ya wiki kukiwa hakuna watu, ukinunua hata kijigi kimoja. La pili ni sheria za mwaka huu. Idara ya samaki na wanyamapori ya Oregon ina watu wanaopokea simu, na ukitaka mkalimani, sema. La tatu ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mto Sandy unatoka kwenye barafu ya mlima Hood. Mvua ikinyesha mlimani unapanda huku kwako jua linawaka, na maji yake yanagandisha misuli ya mtu ndani ya dakika chache, hata awe aliogelea ziwa Viktoria tangu utotoni. Wewe na mimi tumezoea maji ya vuguvugu. Kwa hiyo msimu huu wa kwanza vueni mkiwa nchi kavu, pale bustani ya Oxbow kuna changarawe pana, na mtoto avae jaketi la kuokolea muda wote. Maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa, rudini nyumbani. Kuingia majini kwa suruali za mpira kusubiri mpaka aliyezoea mto huo asimame pembeni yako siku nzima.

Ukishanunua usikate lebo. Niandikie maandishi yaliyo juu ya mpini wa ufito na yaliyo kwenye spuli, nitakujibu kabla muda wa kurudisha haujaisha.